Rangi Kushika Ndiyo Kazi

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Kabla sijafika mbali, vitambaa hivi viwili vizunguke, kila mtu avishike. Vyote vimetoka sufuria moja ya bizari ya manjano, siku moja. Hiki chenye rangi ya kiini cha yai la kienyeji kilikaa sandukuni. Cha pili, kinachofanana na maji ya mchele, tulikitundika wiki mbili kwenye dirisha linalopigwa na jua.

Karakana yetu ya kutia vitambaa rangi hapa Bagamoyo ni uani kwa mama: sufuria tatu, kamba za kuanikia, na sisi wanne wa nyumba moja. Tulipoanza tulidhani kazi ni kupata rangi. Kumbe rangi ipo tele! Manjano, hina, maganda ya vitunguu ambayo mama lishe wanatugawia bure. Tukapokea mitandio 30 ya sare ya harusi, tukaitia manjano, ikawaka. Miezi mitatu baadaye bibi harusi akaja na wake mkononi. Hakugomba. Aliutandika tu mezani, akatutazama. Mama akarudisha hela.

Tangu siku ile tumejua kwamba rangi kushika ndiyo kazi yenyewe. Na pamba ni mkaidi. Sufu na hariri zimetoka kwa mnyama, zina protini. Ukizichemsha na shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, zinanasa rangi bila ubishi. Pamba lazima uianzie mbali. Kwanza ifuliwe hasa: ichemshe saa nzima kwa sabuni na magadi, hata kama jora ni jipya, uone maji yanavyogeuka rangi ya chai. Hiyo ni nta ya pamba yenyewe na wanga wa kiwandani, na ikibaki, rangi itakaa juu juu. Kisha iloweke kwenye maji ya maganda ya komamanga au magome ya mkoko, yale yenye ukakasi wa kukausha ulimi. Ndipo shabu: gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Kikavu, jamani. Mdogo wangu aliwahi kupima kilicholowa, tukamaliza shabu ya mwezi.

Magome yenyewe hatubandui kwenye mti uliosimama. Ukiuzungushia panga umeuua, na mikoko ndiyo inayotukingia pwani. Tunaokota kwa wauza boriti. Maji yake hutoa hudhurungi nyekundu. Ukidondoshea siki iliyolowekwa misumari yenye kutu, kitambaa kinakuwa kijivu, halafu cheusi, unakitazama hivi hivi. Kidogo tu lakini. Chuma kikizidi, kitambaa kinaliwa, siku moja unakitoboa kwa kidole.

Nili, ile rangi ya buluu ya majani, ina mambo yake, wala haitaki shabu. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo tunayaondolea maji hayo oksijeni kwa chokaa na tende ili iyeyuke, pipa linafunikwa. Kitambaa kinatoka kijani, hewa ikikigusa kinaanza kugeuka buluu, mikunjo ya ndani ikichelewa. Watoto wa mtaa huja kutazama hilo tu. Wateja huniuliza kama nili ya kiwandani, ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani iliingiza sokoni mwaka 1897, ni feki. Hapana. Kikemia ile buluu ni moja. Sisi tunatumia ya majani kwa sababu tunaipenda kazi yake, na bei tunaitoza kwa jasho, si kwa kusingizia ya wenzetu.

Na manjano je? Bado tunatia, kwa vitu vya kukaa ndani, na mteja anaambiwa kabla hajatoa hela. Anayetaka njano ya kuvaa juani tunampeleka kwenye maganda ya vitunguu. Haiwaki vile, inaelekea dhahabu, na nayo hupauka, ila polepole.

Nipo tayari kwa maswali. Ila naona vitambaa vimefika nyuma kabisa. Kile cha njano kirudi, tafadhali, mama amekihesabu.