Shati la kiume kuwa sketi: angalia vifungo kabla hujakata

Haya, karibuni tena. Shati liko mezani, mkasi uko mezani, na mimi tangu asubuhi nina hamu ya kukata kitu. Shati lenyewe ndilo hili, jeupe lenye mistari ya buluu. Kola imechakaa mpaka nyuzi zinaning'inia, viwiko vinapitisha mwanga, lakini huku chini halina hata doa. Ndivyo mashati yanavyokufa: kola kwanza, viwiko vinafuata, tumbo linabaki zima. Basi tumbo hilo ndilo sketi yetu.

Kwanza, shati liwe kubwa kuliko wewe. Pima hipsi zako pale palipojaa zaidi. Zangu ni sentimita 102, na nimezisema hadharani ili na nyie msidanganye futi. Sasa laza shati, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Hili ni 62, kwa hiyo 124. Nimebakiwa na 22 za kujikunja kiunoni, na mimi napenda sketi ijikunje kidogo. Ukibakiwa na chini ya 10, itapita kwenye hipsi kwa kubembelezwa, na ukikaa vifungo vitalia.

Fua, piga pasi, hayo mnajua. Kama shati ni jipya usiruke kufua, pamba hurudi. Hili langu limesharudi kiasi chake miaka mingi iliyopita.

Funga vifungo vyote. Vyote, na vile viwili vya juu ambavyo hakuna mtu anavifunga. Halafu hesabu kutoka chini kwenda juu: kifungo cha kwanza tundu la kwanza, cha pili la pili. Mtaniona mtu wa ajabu, lakini ukiruka tundu moja, upande mmoja unapanda, unakata mstari umenyooka kabisa, na ukivaa sketi inakuwa imelalia upande kama kofia ya mlevi. Na hiyo bado siyo shida kubwa ya vifungo. Shida kubwa inakuja, tulieni.

Sasa huu mfuko wa kifuani. Mnaona? Sehemu ya chini inavuka usawa wa kwapa, na hapo ndipo tutakapokata, maana yake mkasi utaupitia katikati. Unafumuliwa kabla ya kukata. Chukua kile kidude cha kufumulia, au wembe kama mkono wako hautetemeki, kata uzi mmoja ruka mitatu, kata mmoja ruka mitatu, halafu vuta uzi wa upande wa pili. Unatoka mzima kama mlenda. Pembe hizi mbili za juu zimeshonwa mara mbilimbili, hapo usivute. Ukivuta unapata tundu, na tundu halifumuliki.

Ngoja niwasogezee kamera. Karibu... hapo. Tazameni. Mfuko umetoka na chini yake kuna mraba mweupe zaidi, mistari yake bado ina buluu kali. Hiyo ndiyo rangi ya shati siku liliponunuliwa, mfuko umeilinda na jua na sabuni muda wote huu. Na pembeni kuna vitundu vya sindano, safu nzima kama nyayo za sisimizi. Vitundu ni rahisi: lowesha kidogo, kwangua kwa kucha kwenda na kurudi, piga pasi ya mvuke, nyuzi zinarudi mahali pake. Mraba hauondoki. Mimi siutoi, nauficha, nitawaonyesha.

Tunakata. Hapa naomba mniache niongee polepole.

Rula kutoka kwapa hadi kwapa, mstari wa chaki. Usifuate pindo la chini, limepinda, litakudanganya. Mstari ukutane na ule ukanda wa vifungo kwa pembe mraba, kama mguu wa meza na sakafu. Pini pembeni pande zote mbili ili kitambaa cha chini kisitembee. Pini zangu ni za vichwa vya kioo. Za plastiki nilizitupa zote siku pasi ilipoziyeyusha juu ya hariri ya watu.

Sasa kabla ya mkasi: kifungo kiko wapi? Kutoka kwenye mstari huu kushuka chini, pima sentimita 9. Ndani ya hizo sentimita 9 kusiwe na kifungo. Narudia. Kusiwe na kifungo. Hapo ndipo tutakunja njia ya kupitishia lastiki ya kiuno, na mguu wa cherehani, kile kibati kinachokandamiza kitambaa, utapita hapo hapo.

Sketi yangu ya kwanza ya namna hii sikuangalia. Nilikata, nikakunja, kifungo kikaingia ndani ya pindo kikajificha, nami nakanyaga cherehani kwa mbio kama nakimbizwa. Tak! Sindano ikavunjika vipande vitatu. Kimoja kilibaki kwenye kitambaa, kimoja kikaingia kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, cha tatu kikagonga kioo cha miwani yangu. Alama yake hii hapa mpaka leo, kwenye kioo cha kulia. Bila miwani ile leo ningewafundisha kwa jicho moja.

Kwangu hapa kifungo kimeangukia sentimita 4. Si mnaona? Kipo kabisa ndani ya eneo. Una njia mbili. Ama ushushe mstari wa kukata mpaka chini ya kifungo, upime tena, na upoteze urefu, ama ukitoe kifungo. Mimi nakitoa, kwa sababu shati hili kutoka kwapani hadi chini lina sentimita 54, tutakula 4 na nusu kwenye kiuno, na magoti yangu yanajulikana. Wewe pima urefu unaoutaka kabla ya kuamua.

Kata. Mkasi mrefu, mikato mirefu, usitafune kitambaa. Na huu ni mkasi wa kitambaa, haukati karatasi, haukati utepe wa zawadi. Kwangu nimeufunga kitambaa chekundu kwenye mpini, na bado kuna mtu nyumbani, simtaji, nilimkuta anafungulia nao mfuko wa sabuni.

Sehemu ya juu iwekeni pembeni msitupe. Mikono ina kitambaa cha kutosha mifuko miwili ya ubavuni, na vifungo vya kola na vya mikono ni akiba.

Haya, ukanda wa mbele. Kile kifungo nimeshakitoa, lakini tundu lake lipo na ukanda unafunguka. Lazima ufungwe kabisa kwa mshono, kutoka ulipokatwa kushuka sentimita 9 zile zile. Shona mstatili: shuka ukingo mmoja, vuka, panda ukingo wa pili. Usiogope, sketi ya lastiki unaivaa kwa kuivuta juu, huhitaji kuifungua kiunoni.

Njia ya lastiki. Lastiki yangu ina upana wa sentimita 2 na nusu. Kunja sentimita 1 kwa ndani, pasi. Kunja tena 3 na nusu, pasi tena. Msiruke pasi hapa. Najua kuna mtu anasema atakunja kwa vidole huku anashona. Atakunja, na kiuno chake kitakuwa na mawimbi.

Sindano namba 80, mshono urefu wa milimita 2 na nusu, uzi wa kijani. Ndiyo, kijani kwenye shati la buluu. Nyumba yangu, uzi wangu.

Tunaanzia nyuma, karibu na katikati, na tutaacha mlango wa sentimita 5 wa kupitishia lastiki. Shona karibu na ukingo wa ndani, nenda... nenda... Sauti hiyo mmeisikia? Imekuwa nzito. Simama. Ngoja nigeuze kitambaa.

Jamani. Tazameni kiota hiki.

Nilitaka kukata kipande hiki cha video lakini nimekiacha, kwa sababu kila mtu akiona nyuzi zimejazana chini hivi anailaumu bobini. Anakaza skrubu ya bobini, anailegeza, mwisho anaiharibu kabisa. Mara nyingi bobini haina kosa. Uzi ukijikusanya chini, aliyekosea ni uzi wa juu, haukukaa kwenye vile visahani vya kuukazia. Na haukukaa kwa sababu niliutunga mguu wa cherehani ukiwa chini. Mguu ukiwa chini visahani vimebana, uzi unapita juu yake tu. Inua mguu, visahani vinaachia, tunga upya tangu mwanzo, halafu shusha. Na unapoanza kushona shika mikia yote miwili ya uzi, wa juu na wa chini, kwa mishono mitatu minne ya kwanza.

Kata kiota, usikivute. Tunarudi.

Inaenda vizuri sasa. Namaliza mgongo, naingia mbele, nakaribia ukanda wa vifungo, na hapa toa mguu kwenye pedeli. Kabisa. Gusa kwa kidole: kuna kitambaa juu ya kitambaa, na ukanda wenyewe umekunjwa kabla hatujaanza. Na gusa tena kama hakuna kifungo. Najua tumeshakitoa, nimekitoa mbele yenu. Gusa tu. Sasa zungusha gurudumu la pembeni kwa mkono, tundu kwa tundu, mpaka utoke upande wa pili. Hapa ndipo miwani yangu ilipopata alama. Taratibu... tumevuka. Sasa kanyaga.

Lastiki: kiuno changu 84, nakata 79. Wengine wanapunguza zaidi, mimi nataka nipumue baada ya kula. Funga pini kubwa, ile ya nepi, kwenye ncha moja. Ncha ya pili ibane na kitambaa pale mlangoni, isiwe huru. Ukiiacha huru inakufuata ndani, na utakuwa umevuta lastiki yote mpaka imetokea upande wa pili, halafu unaanza upya huku unajisemesha. Sukuma pini, kusanya, nyoosha. Kwenye ukanda wa vifungo itakwama kidogo, ikung'ute, itapita.

Imetoka. Kabla ya kuunga pitisha vidole kiuno kizima, hakikisha haijajisokota ndani. Laza ncha juu ya ncha sentimita 2, zigizaga mara tatu. Ziba mlango. Halafu shona mshono mfupi wa kusimama kwenye kila ubavu, kupitia lastiki yenyewe. Bila huo lastiki itajiviringa siku ya kwanza kufuliwa.

Sasa ule mraba. Ukivaa unaangukia hapa, kwenye mikunjo chini ya kiuno. Mfuko wa kifuani nauweka juu yake ila nimeushusha vidole vitatu, ukae kwenye hipsi. Juu patabaki ukanda mwembamba wa rangi kali, na mimi nimeshaupenda. Shona pande tatu, pembe za juu rudisha nyuma mara mbili. Mistari ya mfuko na mistari ya sketi ikutane. Yangu imepishana milimita moja, mtu akiiona basi amekaribia mno.

Pindo la chini silikati. Mkunjo wa shati unapanda ubavuni unashuka nyuma, ukitembea unacheza vizuri. Ukitaka lililonyooka, kata, kunja, shona.

Naivaa. Subirini.

Haya! Nyuma... ubavuni... vifungo vimenyooka katikati. Mtasema vinafungwa upande wa kiume, kushoto juu ya kulia. Ni kweli, na atakayeligundua hilo barabarani mwambieni anafaa kuwa fundi.

Msisherehekee mkiwa mmesimama lakini. Vuta kiti, kaa, angalia mapajani. Vifungo vya shati vimepangwa kwa ajili ya mtu anayesimama na kuchomekea, nafasi kati ya kimoja na kingine ni kubwa. Nakaa hivi na... ee, hapa, kati ya cha pili na cha tatu, pamefunuka. Mnaona paja linachungulia? Panahitaji kishikizo kidogo kwa ndani, vile vya kubonyeza. Kile kifungo nilichokitoa juu hakisaidii, hapa hapana tundu. Zimeni jiko kama mna kitu jikoni, mimi naenda kutafuta sindano ya mkono.