Vangelis: Kidole, Kinanda na Picha

Mabibi na mabwana, walimu wa kwaya, na ninyi vijana mnaotengeneza filamu hapa Mbeya, nitaanza na kinanda hiki mlichoniwekea mbele. Nikibonyeza kitufe kimoja sauti inatoka, lakini nikizidi kukikandamiza hakuna kinachobadilika. Vangelis, mtunzi wa muziki, Mgiriki aliyezaliwa Agria, karibu na Volos, mwaka 1943, alipenda kinanda cha tabia nyingine kabisa.

Kinanda hicho kilikuwa Yamaha CS-80, sinthesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, ya mwaka 1977, yenye uzito wa takriban kilo 100, mzigo ambao hata wabebaji wa soko la Mwanjelwa wangeuzunguka kwanza kabla ya kuuinua. Vidole vikiwa tayari vimeshuka, kila kimoja kiliendelea kuitawala sauti yake peke yake kwa jinsi kilivyokandamiza, hata sauti moja ikapanda ukali na kutetemeka huku jirani yake ikibaki tulivu.

Miaka yake ya roki katika bendi ya Aphrodite's Child, pamoja na mwimbaji Demis Roussos, naipita haraka, ingawa albamu yao ya 666, iliyotoka mwaka 1972, ingestahili jioni nzima. Linalotuhusu leo ni namna alivyofanya kazi. Sisi tuliolelewa katika kwaya tulisubiri mwalimu aandike sol-fa, yaani do, re, mi, ubaoni ndipo tufungue vinywa. Yeye hakusoma wala kuandika nota, bali aliitazama picha na kupiga papo hapo, mitambo ikirekodi.

Ndivyo alivyoiendea Chariots of Fire ya mwaka 1981, filamu ya wanariadha wa Olimpiki ya Paris ya 1924. Mtunzi mwoga angetafuta ala za enzi hizo. Vangelis aliweka chini mdundo wa sinthesaiza unaorudiarudia kwa haraka, kama mapigo ya moyo, na juu yake piano isiyo na haraka yoyote, wakati wakimbiaji wanapita ufukweni kwa mwendo uliopunguzwa. Mwaka 1982 alipewa Oscar, ingawa kwangu ujasiri ule unazidi tuzo.

Filamu zetu nyingi hubandikwa muziki mwishoni, mmoja kwa harusi na msiba, tena unaomeza maneno ya waigizaji. Naomba taa zizimwe. Tutawatazama wakimbiaji hao kwanza bila sauti, na mwenye kinanda asogee hapa mbele apige anachokiona.