Mashine Moja, Spana Moja

Ndugu zangu, mlionisikiliza huko nyuma mnajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye nati.

Siku moja nilisimama pembeni mwa shamba, saa mkononi. Mashine yenyewe, chombo cha kazi nyingi cha kukokotwa na ng'ombe, kwenye michoro ilipendeza kweli: fremu moja, unafunga plau, unafunga haro ya kuvunja mabonge, unafunga majembe ya palizi. Mkulima alimaliza kulima mapema, akataka kwenda kupalilia shamba la pili. Kubadilisha kulihitaji spana namba 13, namba 17 na namba 19. Yeye alikuwa na 17 peke yake, nayo imelika mdomo. Bolti zimeshika kutu. Nati moja ikaponyoka, ikazama kwenye udongo uliotoka kulimwa. Mkewe na watoto wawili wakapiga magoti kuitafuta. Ilipita saa nzima na nusu, jua likawa kali, ng'ombe wakafunguliwa. Msimu uliofuata nilirudi kwake. Plau iko palepale kwenye fremu, na palizi wanafanya kwa jembe la mkono.

Najua kuna anayesema moyoni, "Huyo alikosa mafunzo." Hapana! Jibu hilo nimelichoka. Mwaka 1988 Paul Starkey, mtaalamu wa wanyamakazi, alitoa tathmini ya vibeba-zana vya magurudumu vya kukokotwa na wanyama, yaani fremu zenye magurudumu za kufungia zana mbalimbali, na hata kugeuzwa mkokoteni. Vilikuwa vimetengenezwa takriban 10,000, katika nchi nyingi, na waliodumu kuvitumia kwa kazi zaidi ya moja walikuwa wachache mno. Watu wote hao walikosa mafunzo? Walipiga hesabu! Chombo kilikuwa ghali na kizito, na tena plau na mkokoteni vikiwa kitu kimoja, baba hawezi kulima huku kijana anapeleka mbolea.

Na uzito si jambo dogo. Ng'ombe akivuta kwa saa kadhaa hutoa nguvu ya karibu sehemu ya kumi ya uzito wake. Jozi yenye kilo 600 inakupa nguvu ya kilo 60 hivi. Kila chuma unachoongeza kwa ajili ya urembo wa mchoro kinakula humo humo.

Sasa mtazameni Jean Nolle, Mfaransa aliyebuni vibeba-zana vya aina hiyo. Huyo huyo ndiye aliyebuni jembe la Sine kule Senegali: fremu nyepesi, haibebi mzigo, haijifanyi mkokoteni. Hilo wakulima walilipokea, likaenea. Kwa hiyo msiseme mkulima mdogo hapendi chombo cha kazi nyingi. Anapenda kile kinachobadilishika kabla jua halijapanda.

Ninachowaomba wabunifu ni hiki: bolti zote saizi moja, spana moja. Panapowezekana, wekeni pini yenye mnyororo ili isipotee. Fundi wa kuchomelea aliye karibu aweze kuunda kila kipande kwa vyuma vya kawaida vya dukani.

Upande wa injini, muda unanibana. Pawatila, lile trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, ivute, isukume pampu, iendeshe mashine ya kupura. Mkanda wa injini uvalike bila kufungua kinga yake yote.

Fremu ipo hapo nje, na spana iko juu ya meza hii. Nani ataanza kuifungua? Saa ninayo.