Mgongo wa Dereva wa Safari Ndefu: Mhadhara kwa Madereva wa Malori, Changamwe

Assalaam alaykum, nanyi nyote habari za mchana.

Ndugu madereva pamoja na utingo wenu, leo asubuhi nilisimama kando ya barabara pale Miritini nikiyatazama malori yakiegeshwa. Dereva mmoja alifungua mlango, akashika kiuno kwa mkono wa kushoto, akaruka chini, na haikupita hata dakika moja alikuwa ameinama akikaza mkanda wa turubai kwa nguvu zake zote. Laiti angejua kwamba mgongo uliotoka kukaa kwa saa nyingi haustahimili mambo hayo mawili, kuruka na kuinama kwa nguvu, asingeyafanya kwa mfululizo.

Baina ya pingili za uti wa mgongo pana vitako laini vinavyoitwa diski. Kwa mtu mzima, diski haina mishipa ya damu ndani yake ila kidogo sana ukingoni, kwa hiyo hutegemea maji yanayoingia na kutoka kila inapobanwa na kuachiliwa, mfano wa dodoki linalokamuliwa. Anayeketi kutoka Mariakani hadi Mtito Andei bila kushuka amelibana dodoki lake upande mmoja kwa muda wote huo. Ongeza mtikisiko: uti wa mgongo wa mtu aliyeketi huitikia zaidi mitetemo ya mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na mitetemo ya lori mara nyingi huangukia humo. Wakati huohuo misuli ya mbele ya nyonga hujikunja na kufupika, na misuli ya makalio husinzia, hata dereva anaposimama kiuno kinabaki kikivutwa mbele.

Wengi wenu mmezoea kutibu hali hii kwa vidonge, kwa mkanda wa kiunoni, na kwa kulala siku nzima mkifika Malaba. Vidonge vya diklofenaki vikimezwa kila safari huumiza tumbo na figo. Kuhusu mkanda, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno, liliyapendekeza mazoezi na likashauri mikanda isitumiwe kama tiba ya kawaida. Nako kulala kutwa nzima hudhoofisha misuli ileile inayoubeba mgongo.

Sitawaomba mtafute uwanja wala saa nzima ya mazoezi, kwani ninaijua njia yenu ya zaidi ya kilomita 900 hadi mpakani. Ninachoomba ni kwamba zoezi lifungwe kwenye kituo ambacho tayari mnasimama. Sheria ya trafiki inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Naona mnacheka, na sababu naifahamu, lakini hata aliye kwenye foleni ya mizani anaweza kushuka.

Shuka ukiwa umeuelekea mlango, ukishikilia vishikio, wala usiruke. Simama wima, weka viganja kiunoni, kisha jipinde nyuma polepole na urudi, mara 10. Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Ikiwa maumivu yaliyokuwa yakishuka mguuni yanapanda na kukusanyika kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda. Ikiwa yanazidi kuteremka kuelekea unyayoni, acha zoezi hilo mara moja. Baadaye weka mguu mmoja juu ya kidaraja cha lori, sukuma nyonga mbele mpaka uhisi paja la mguu wa nyuma likivutika, ukae hivyo kwa sekunde 30, kisha ubadilishe. Malizia kwa kulizunguka lori ukikagua magurudumu: lori lenye trela likizungukwa mara moja ni kama mita 40, hivyo mizunguko 25 ni kilomita nzima, na magurudumu yamekaguliwa bure. Mizigo na turubai vingoje dakika chache za kutembea.

Usiku, palipo na nafasi ya mkeka, piga magoti na uweke viganja chini, kisha nyosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto kwa sekunde 10 bila kiuno kubonyea, ubadilishe, urudie mara 5 au 6. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini nimewaona wanaume wenye mabega mapana wakitetemeka kabla ya sekunde 10 kwisha.

Na pochi nene itoke mfuko wa nyuma, maana huinua tako moja na kuupinda mgongo safari nzima.

Yapo maumivu yasiyotibiwa kwa mazoezi. Ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu ukilegea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo yanahitaji kupimwa, kwani kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye pingili.

Sasa mkeka umetandikwa hapa mbele. Naomba dereva mmoja na utingo mmoja wavue viatu waje, tuanze na zile sekunde 10.