Kabla Hujavuta Tena, Chomoa Plagi

Mhadhara kwa wavuvi na waendesha boti, Matema, wilaya ya Kyela

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Na kwa aliyeleta maji ya kunywa, ndaga fijo, asante sana.

Injini ya boti sitaeleza ni kitu gani. Mnazo, au shemeji yako anayo, na naona wengine mmekuja hapa mmeshika bega. Hilo bega ndilo lililonileta. Kila mwaka nasema jambo hili hili, na kila mwaka nikishuka ufukweni namkuta kijana anavuta kamba ya kuwashia injini kama anamvuta ng'ombe aliyezama kwenye tope. Ukimuuliza amevuta mara ngapi, hajui. Ukimuuliza plagi, ile ya kutoa cheche, ikoje, anakuonyesha mfukoni ana mpya!

Umevuta mara saba, nane, haijawaka? Acha. Chomoa plagi, itazame, inuse. Wewe ulikuwa nje, yeye alikuwa ndani, kwa hiyo muulize yeye. Ikitoka imeloa petroli, mafuta yamefika. Ama cheche haipo, ama umeinywesha kupita kiasi kwa choki, ile ya kuzidishia mafuta wakati wa kuwasha. Ikitoka kavu, mafuta hayajafika, na hapo waya za umeme achana nazo kwanza. Mtu wa spana anataka kufungua kabureta tu, ile inayochanganya petroli na hewa, kwa sababu kufungua kabureta kunaonekana ni kazi.

Wapo humu walioisikia habari ya mbuzi. Mtaisikia tena.

Nilikuwa Ikombe kwenye msiba. Asubuhi ya kurudi, boti imepakia vyungu vya kina mama hadi juu, vya kwenda kuuzwa Lyulilo, na mimi abiria nimekalia kamzigo kangu. Injini haiwaki. Wanaume watatu wakapokezana kamba, mmoja hadi akavua shati. Nikasema, jamani, tazameni plagi. Wakaitazama: imeloa chapachapa. Wakasema, "Ahaa, mafuta yanazidi!" Wakaipangusa, wakairudisha, wakavuta. Imeloa tena. Basi wakahukumu kabureta. Wakaifungua pale pale, juu ya mchanga, bila hata kutandika kanga. Jeti ya kabureta, kale kapande kenye tundu la kupitisha petroli, mnaijua ukubwa wake. Ikadondoka. Ikabidi tuazime chekeche ya unga kwa mama mmoja, mchanga ukachekechwa saa nzima na zaidi, na wenye vyungu wanatutukana kwa Kikisi, lugha yao, ambacho nashukuru sikijui sana.

Jeti ikapatikana. Kabureta ikafungwa. Plagi ikaloa.

Nikasimama, maana mgeni ana mwisho wake wa adabu. Nikachukua plagi, nikaichomeka kwenye kofia yake, nikalaza chuma chake kwenye bloku, mbali na tundu maana pale kuna mvuke wa petroli, nikashika kwenye mpira, nikasema vuta. Hakuna cheche. Hata ile ya njano inayosinzia, hakuna. Nikauliza, "Kile kipande chekundu cha chini ya kitufe cha kuzimia kiko wapi? Chenye kamba ya kufunga mkononi?" Mwenye boti akanitazama kama nimemuuliza habari za marehemu. Akaja mtoto wake, kama miaka sita hivi, kichwa chini. Kamba nyekundu ilikuwa shingoni mwa mbuzi, na kipande chenyewe kinaning'inia kama kengele. (Kicheko.)

Mnacheka. Kilipochomekwa mahali pake, iliwaka kwa mvuto wa pili. Na plagi ilikuwa imeshasema tangu asubuhi: mafuta ninayo, moto sina. Wao wakasikia "mafuta" wakaishia hapo. Siku ile tulikuwa nchi kavu. Mwera, ule upepo mkali, ukikukuta katikati ya ziwa, huna chekeche, huna mama wa kukuazima.

Kuna mzee pale anatikisa kichwa. Najua anataka kusema nini: injini yangu ni ya zamani, imechoka. Baba, iliyowaka jana jioni haikuzeeka usiku mmoja. Uzee huja kwa kudai: kwanza inavutwa mara mbili, mwakani mara tano, nguvu zinapungua, moshi unaongezeka. Ikikataa ghafla, kuna kitu kimefungwa, kimechomoka au kimeingia maji. Na msiniambie habari za chumvi. Chumvi ni kilio cha watu wa Mafia na Kilwa. Nyasa ni maji baridi, sisi hatuna kisingizio hicho.

Lakini sisi tuna kosa letu ambalo wa pwani hawana. Unapeleka injini kwa fundi Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kule hewa ni nyembamba, injini inaonekana inakunywa mafuta mengi na kutoa moshi, fundi anakaza skrubu kuipunguzia. Unalipa, unapita Tukuyu, unashuka nayo hapa, chini ya mita 500. Hewa ni nzito, mafuta yamepunguzwa: kuwaka ni shida, ikiwaka inazima ukiachia mkono. Unampigia fundi simu kumtukana. Fundi hana kosa, aliitengenezea Mbeya. Skrubu hiyo irekebishwe hapa hapa, injini ikiwa ndani ya maji au kwenye pipa la maji. Isingurume kavu, impela ya pampu ya maji ya kupozea inaungua mara moja.

Naonyeshwa saa. Haya, plagi kavu, haraka. Kizibo cha tenki kina skrubu ya hewa: fungua. Minya kile kibofu kilicho kwenye mpira wa mafuta. Kikiwa kigumu, mafuta yamefika kwenye kabureta, na sasa ndiyo nakuruhusu kuifungua, juu ya kanga. Kikibaki laini, mpira unavuta hewa mahali au kiungio hakijaingia vizuri. Kikijinyonga bapa wakati injini inanguruma, ni ile skrubu. Mshale ulioandikwa juu yake uelekee injini. Nimekuta umegeuzwa, na aliyegeuza alikuwa fundi.

Na plagi ikiloa lakini hainuki petroli vizuri? Ni maji. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, acha itulie. Maji yatakaa chini, petroli juu. Kidumu kisicho na kizibo, na mvua zetu hizi, mnategemea nini? Oili: wengi wenu ni petroli 50 kwa oili 1, yaani mililita 400 kwa lita 20, lakini soma kibandiko cha injini yako, na iwe oili ya boti ya tu-stroke. Sio iliyobaki kwenye Fuso.

Mgandamizo, yaani injini inavyobana hewa ndani ya silinda, nilitaka kuueleza, muda hautoshi. Kamba ikija nyepesi kama unavuta uzi, hiyo sasa ni ya fundi, nenda kwake.

Tokeni, tusogee kwenye pipa. Ile injini ya kijana wa shati la bluu inatungoja. Nani ana spana ya plagi, namba 21? Na kanga, mama, tafadhali.