Injini ya Mvutano: Nani Anarudi Nyuma?

Mhadhara kwa waandishi chipukizi wa hadithi za sayansi, Dodoma

Mbukwenyi! Asanteni. Mliotoka Singida na Kondoa alfajiri, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimezisoma hadithi zenu. Karibu zote zina chombo kinachokwenda nyota za mbali, na karibu zote chombo hicho kinaendeshwa na kitu mnachokiita injini ya mvutano. Nahodha anabonyeza kitufe, mbele ya chombo panatokea mvutano mkali, chombo kinaanza kuangukia huko, na kwa kuwa mvutano wenyewe unasogea pamoja nacho, hakifiki chini kamwe. Mafuta hakuna, moshi hakuna. Sikuja kuwaambia muifute. Nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke: nani anarudi nyuma?

Kila kinachosonga mbele kuna kitu kinachorudi nyuma kwa ajili yake. Ukitembea unaisukuma dunia nyuma, ila ni nzito mno huoni. Roketi inatupa gesi nyuma. Newton alilichapisha jambo hili mwaka 1687. Sasa angalieni injini yenu: kinachovuta na kinachovutwa vimefungwa katika chombo kimoja. Cha mbele kinavuta chombo, na chombo kinakivuta hicho cha mbele kirudi, kwa nguvu ile ile. Jumla yake sifuri. Hamtoki bandarini.

Mvutano unaosafirisha kweli upo, na umetumika. Mwaka 1974 chombo cha Marekani, Mariner 10, kilipita karibu na Zuhura, na mvutano wa sayari hiyo ukakipinda njia hadi Utaridi. Voyager 1, iliyorushwa 1977, iliongezewa kasi na Mshtarii, kisha Zohali.

Hapa wanafunzi wangu huwa wanagoma. Wanasema: mwalimu, kasi unayopata ukiiangukia sayari si unairudisha yote ukipanda kutoka? Kweli, ukiwa unaipima kwa sayari yenyewe. Lakini sayari nayo inatembea. Chukueni treni ya SGR, inakuja kwa kilomita 160 kwa saa. Umesimama kando ya reli, unairushia mpira unaodunda vizuri kwa kilomita 30. (Msijaribu, askari wa reli hawatataka kusikia habari za fizikia.) Dereva anauona mpira ukimjia kwa 190 na kuondoka kwa 190 hiyo hiyo, kwake hakuna kilichoongezeka. Wewe uliye chini unauona ukirudi kwa 350. Mshtarii ndiyo treni, inalizunguka Jua kwa kilomita 13 hivi kwa sekunde.

Nani alirudi nyuma? Mshtarii. Ilipunguza mwendo kwa kiasi ambacho hakuna chombo cha kukipima, lakini ililipa.

Tatizo ni kwamba malipo hayo hayafiki mbali. Leo Voyager 1 inakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, umbali wa mpaka Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua letu, ni safari ya miaka kama 75,000. Kwa hiyo nawaelewa mnapotaka kubeba Mshtarii yenu wenyewe.

Na kuna jambo moja mmelipata, sijui kama mlilikusudia. Roketi inamsukuma abiria kupitia kiti. Rubani wa ndege ya kivita akifika mara tisa ya mvutano wa dunia anaweza kuzimia, kwa sababu damu inabaki nyuma wakati mwili unasukumwa. Mvutano hausukumi kiti. Unavuta damu, mfupa na kiti, vyote kwa kiwango kimoja. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alidondosha nyundo na unyoya mwezini, vikatua pamoja. Basi chombo chenu kikiongeza kasi mara elfu ya mvutano wa dunia, abiria hasikii chochote. Kwa hesabu ya Newton, kabla Einstein hajaja kudai chake (kwake hakuna chombo kinachoifikia kasi ya nuru), saa nane na nusu tu zinakufikisha kwenye kasi hiyo. Huo ulikuwa muda wa basi hadi Dar es Salaam!

Ila kama hasikii chochote, haelei? Anaelea. Nahodha wenu mmoja anatembea ukumbini na kikombe cha chai huku chombo kinaanguka. Chai ingemtoka kikombeni, na yeye asingekuwa na sakafu ya kukanyaga.

Halafu kuna kupwa na kujaa. Mliokulia Tanga mnaijua bahari. Chanzo chake kikubwa ni kwamba Mwezi unavuta upande wa dunia ulio karibu zaidi kuliko ule wa mbali. Tuseme chombo kina urefu wa mita 100, na kitovu cha mvutano kiko mita 100 mbele ya pua. Pua inavutwa mara nne ya mkia. Mkiongeza nguvu, chombo kinachanika. Na hata kupata mvutano sawa na wa dunia kwenye pua hiyo kunahitaji masi ya tani trilioni moja na nusu, yaani mchemraba wa mwamba wenye zaidi kidogo ya kilomita nane kila upande, uliokandamizwa uwe mdogo kuliko uwanja wa mpira.

Wataalamu nao wameutafuta mwanya. Mwaka 1957 mwanahisabati Hermann Bondi aliuliza: je, masi ikiwa hasi, yaani chini ya sifuri? Masi ya kawaida huvuta kila kitu, hasi ingefukuza kila kitu. Ziweke pamoja: ya kawaida inafukuzwa, inakimbia, hasi inavutwa, inaifuata. Zinaongeza kasi bila kikomo, na sheria haivunjiki, maana masi hasi inayokwenda mbele inahesabika kama inarudi nyuma. Naipenda sana hesabu hiyo. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuiona masi hasi. Msikimbilie antimata, ile maada ya chembe zenye chaji kinyume na za kawaida: mwaka 2023 watafiti wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, walionyesha kuwa antihaidrojeni, yaani haidrojeni ya antimata, ikiachiwa inaanguka chini kama maji ya bomba. Lile puto la anga la mwanafizikia Miguel Alcubierre la 1994, mnalolipenda, ambamo anga lenyewe linabanwa mbele ya chombo na kutanuliwa nyuma yake, nalo linadai nishati hasi. Tunarudi dukani kule kule.

Mimi ningeandika hadithi, ningechukua mashimo meusi, yale yenye mvutano mkali hata nuru haitoki. Mawili yanapozungukana na kuungana, yanatoa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO, iliyojengwa Marekani kwa kazi hiyo, ilinasa mawimbi ya namna hiyo, na masi kama ya Jua letu mara tatu ilikuwa imegeuka mawimbi. Yakitoka kwa wingi upande mmoja, shimo lililozaliwa linarushwa upande wa pili. Mahesabu yanaonyesha linaweza kufika kilomita elfu kadhaa kwa sekunde. Kinachorudi nyuma ni mawimbi. Hapo swali langu lina jibu, bila kubuni masi mpya.

Cha kubuni ni ufundi wa kuyafuga mashimo hayo na kuyafanya madogo. Na bandari: anayesimama karibu na mkia wa chombo hicho kinapoondoka, mwili wake unanyooshwa na kubanwa mara maelfu kwa sekunde. Andikeni sura ya mkuu wa bandari akimnyima nahodha kibali. Hiyo ningeisoma.