Kuingia si Kuwaka: Mazabodi ya Kompyuta ya Mezani

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa kompyuta, Mbeya

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za mchana. Nawashukuru waliotoka Tukuyu, Mbalizi na Makambako.

Mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na prosesa, ule ubongo unaokaa juu yake kwenye soketi, sielezi, mmezishika wote. Naanza na swali ninaloulizwa kila wiki: "Mwalimu, prosesa imeingia vizuri kabisa kwenye soketi, mbona haiwaki?" Jibu langu ni lile lile: kuingia si kuwaka. Soketi inakuambia kwamba chuma kinakaa mahali pake. Haikuambii kwamba umeme unaokwenda kwenye kila pini ndio prosesa inaoutarajia, wala kwamba bayosi, ile programu ndogo ya kuwashia iliyomo kwenye mazabodi, inaitambua.

Kwa nini nalishikilia jambo hili sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani kipengele cha usalama ndani ya mashine, na kwa upande wa Intel orodha ya prosesa zake inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kizazi cha 7. Sasa mteja ana mashine ya kizazi cha 6 nyumbani, anakuja kwako: "Fundi, mazabodi iache, nibadilishie prosesa tu, niwekee ya kizazi cha 8." Unaangalia soketi: yake LGA1151, mpya LGA1151. Unaagiza Kariakoo, mzigo unapanda basi, unaupokea stendi. Prosesa inaingia bila kulazimisha, feni inazunguka, na kioo kinabaki cheusi.

Sikilizeni kilichotokea. Soketi ya LGA1151 ilitoka mwaka 2015 pamoja na kizazi cha 6, kisha cha 7 kikaitumia hiyo hiyo. Mazabodi zake ni zenye chipseti, yaani chipu inayosimamia ubao, za H110, B150, H170 na Z170, halafu B250, H270 na Z270. Oktoba 2017 kikaja kizazi cha 8. Jina la soketi halikubadilika, pini ni 1151 zile zile, umbo ni lile lile. Kilichobadilika ni kazi ya pini. Prosesa ziliongezewa viini, yaani sehemu zinazofanya hesabu, i5 ikatoka viini 4 ikawa na 6, kwa hiyo pini kadhaa zilizokuwa zimekaa bure zikapewa kazi ya kupitisha umeme na kuurudisha (ardhi). Ikaanza Z370, zikafuata H310, B360, H370, Z390 na B365. Hizo ndizo za kizazi cha 8 na cha 9. Ukiweka i5-8400, ya kizazi cha 8, kwenye H110, haiwaki. Ukigeuza, ukaweka i5-6500, ya kizazi cha 6, kwenye H310, haiwaki pia.

Na fundi asiyelijua hili anafanya nini? Anachomoa ramu, kile kijiti cha kumbukumbu, anaifuta meno kwa kifutio cha penseli. Anaazima pawasaplai. Anabadilisha betri ya CR2032. Siku ya tatu anamwambia mteja mazabodi imekufa, na mteja anatupa mazabodi nzima ya H110 ambayo haikuwa na kosa lolote! Hili linaniuma. Mtu wa Chunya au Ileje amekusanya fedha za mashine ya watoto wake, halafu zinapotea kwa sababu hakuna aliyesoma herufi moja na tarakimu tatu zilizochapwa kwenye ubao.

Najua kijana mmoja pale nyuma ana video kwenye simu. Ndiyo, wapo wanaoziba pini fulani kwa tepi, wakaandika upya bayosi kwa kifaa maalumu, na i5-8400 ikawaka kwenye Z170. Ni kweli inafanyika, kwa baadhi ya mazabodi. Lakini fanyia mazabodi yako mwenyewe ukiwa unajifunza. Mashine ya duka la pembejeo yenye hesabu za msimu mzima usiiwekee tepi.

Mwingine atasema hiyo ni LGA1151 peke yake. Hapana. Soketi ya LGA1200 inabeba kizazi cha 10 na cha 11, lakini mazabodi za H410 na B460 za kawaida hazipokei cha 11. Kwa AMD, mshindani wa Intel, soketi ya AM4 imebeba prosesa za Ryzen kuanzia mfululizo wa 1000 hadi 5000, hata hivyo mazabodi za B550 na A520 hazichukui 1000 wala 2000. Tena Ryzen 5 3400G, pamoja na kuitwa 3000, B550 inaikataa, kwa sababu ndani yake ni ukoo wa zamani. Jina la prosesa nalo linaweza kukudanganya.

Halafu kuna la bayosi. Mazabodi ya H110 na prosesa ya i5-7400, ya kizazi cha 7, zinapatana kabisa. Lakini kama mazabodi ilitoka kiwandani kabla ya kizazi cha 7 na haijawahi kuongezewa bayosi mpya, utapata kioo cheusi kile kile. Na ili uongeze bayosi unahitaji mashine iwake, maana yake utafute kwanza prosesa ya kizazi cha 6, hata ya kuazima. Ukiwa na mazabodi ya B660 na prosesa ya kizazi cha 14, habari ni hiyo hiyo. Baadhi ya mazabodi mpya zina kitufe cha nyuma cha kuweka bayosi kwa flashi iliyofomatiwa FAT32 bila prosesa kabisa. Kama unanunua mpya na bei hazipishani sana, chukua yenye kitufe hicho.

Kwa hiyo kazi yenu ni hii. Soma jina kamili la mazabodi. Limechapwa kwenye ubao wenyewe, mara nyingi kati ya sloti au karibu na soketi, na pembeni angalia kama imeandikwa Rev, kwa sababu jina moja linaweza kuwa na matoleo mawili yasiyopokea prosesa zile zile. Kama mashine inawaka, usifungue kasha: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, soma mstari wa BaseBoard Product. Ukishalipata, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, fungua orodha ya prosesa zinazokubalika. Tafuta namba kamili ya prosesa. "I5" si namba, i5 zipo tangu 2009. Usikomee kwenye jina, soma na safu ya toleo la bayosi linalohitajika. Ukiagiza kwa simu, mtajie muuzaji majina yote mawili, la mazabodi na la prosesa, na usiseme "nitumie CPU," kwa sababu kwetu CPU ni boksi zima. Mwambie aiwashe mazabodi na prosesa hiyo hiyo, akupigie picha kioo kikionyesha bayosi, ndipo afunge kifurushi. Kumsumbua muuzaji kabla hujalipa ni haki yako. Mzigo ukishafika huku, kuurudisha ni nauli ya pili na wiki nyingine.

Kwenye picha hizo omba na ya soketi ikiwa tupu. Soketi za LGA zina visindano, kimoja kikipinda unaweza kupoteza sloti nzima ya ramu. Kile kifuniko cha plastiki msikitupe, mazabodi isafiri nacho.

Ramu. Aina ya DDR3 ina pini 240. DDR4 na DDR5 zote zina 288, lakini pengo la katikati halipo mahali pamoja, kwa hiyo ikigoma kuingia usiisukume. Mazabodi za soketi ya LGA1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na hakuna ya kawaida inayochanganya, kwa hiyo kama mteja tayari ana ramu za DDR4, mtafutie mazabodi ya DDR4. Soketi ya AM5 ya AMD ni DDR5 tu. Na zile ramu za seva zinazouzwa rahisi, zilizoandikwa Registered, hazifanyi kazi kwenye mazabodi za nyumbani. Msinunue.

Naona naonyeshwa saa. Basi haya mengine nayapitia haraka.

Prosesa zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina sehemu ya kutoa picha ndani. Tundu la HDMI la mazabodi halitatoa kitu mpaka uweke kadi ya picha.

Kasha: ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX 244 kwa 244, Mini-ITX 170 kwa 170. Zile nguzo ndogo za shaba ziwepo tu chini ya matundu ya skrubu. Iliyozidi ikigusa mgongo wa ubao inaleta shoti.

Mashine za ofisini zilizotumika, ambazo ndizo nyingi hapa kwetu, msidhani zitapokea mazabodi yoyote. OptiPlex 9020 ya Dell, kwa mfano, pawasaplai yake inaingia kwenye mazabodi kwa pini 8, si 24, na waya za kitufe cha mbele ni za kwao wenyewe. Kuna waya za kugeuzia, ila piga hesabu ya waya, pawasaplai na kasha kabla hujamtajia mteja bei.

M.2, lile tundu la diski bapa: tundu moja linaweza kupokea diski za aina ya SATA tu, NVMe tu, au zote mbili. Soma kitabu chake, na uone kama ukilitumia linazima tundu mojawapo la SATA.

Umeme wa prosesa: mazabodi ya H610 ya bei ndogo, isiyo na chuma cha kupoozea pembeni ya soketi, iwekeeni prosesa za wati 65. Ukiweka i9 itawaka, halafu itapunguza kasi ikipata joto, na mteja atalalamika kwamba mashine ni nzito.

La mwisho, kwa baridi yetu ya Juni hadi Agosti. Hewa ni kavu na sote tumevaa masweta. Vueni sweta, gusa chuma cha kasha kwanza, ndipo ushike ubao. Na kabla ya kufunga chochote ndani ya kasha, laza mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, weka prosesa na feni yake, ramu moja, waya wa pini 24 na ule wa prosesa, kisha gusanisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Kioo kikionyesha bayosi, ingia ndani yake, soma jina la prosesa na kiasi cha ramu, ndipo uchukue skrubu.